Kiti cha Endel

Barua ya wakala ilifika Jumatatu, theluji ikitufika magotini.
Seva ni moja, ilisema, na bei yake ni moja,
ila kila atakayebisha hodi
sharti awe na leseni yake.
Nikaisoma mara mbili. Kahawa ikapoa.

Yaani nyumba tumenunua,
na sasa tunanunua ruhusa ya kuingia,
kichwa baada ya kichwa.

Taavet alipiga simu kutoka Tallinn,
sauti yake laini, ya mtu anayelipwa kwa asilimia.
"Leelo, ukihesabu watu,
mtu mmoja atafungua popote, ofisini, kitandani, kwenye treni.
Ukihesabu vifaa,
mashine moja itaguswa na mikono yote ya Võru."
Nikatafuta penseli.

Hapa tunatengeneza madirisha.
Ofisini tuko kumi na wanane, kila mmoja na skrini mbili na simu:
hao niliwahesabu kwa vichwa.
Karakana ina kompyuta moja tu,
kibodi yake imevishwa plastiki,
vumbi la msonobari limejaa hadi kwenye herufi Õ,
na zamu tatu zinapokezana vidole:
hiyo niliihesabu kuwa kifaa.
Nikajiona mjanja. Nikala biskuti.

Kisha Urmas, mlinzi wa usiku.
Hufungua kalenda kwa simu yake, mara moja kwa wiki,
aone ni nani amebaki na ufunguo.
Bei yake na ya mkurugenzi ni ile ile.
"Macho ni macho," akasema Taavet.

Na wale wanunuzi wa Latvia wanaotaka kuona michoro?
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mkataba, ukurasa wa kumi na moja,
haungoji siku ya tatu.

Na toleo kubwa, lenye utafutaji mzuri na fomu?
Leseni yake haiondoi ile ya kwanza, inakaa juu yake,
soksi juu ya soksi,
na zote mbili unalipia.
Juu ya hapo, ada ya kila mwaka
ili toleo jipya likitoka tusiachwe nje na la zamani.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari ninalo. Habari ninazo.
Mali inakwenda vilevile.

Usiku nikafungua orodha ya watumiaji.
Kumi na wanane, na Urmas, kumi na tisa.
Orodha ikasema ishirini.
Nikahesabu tena kwa kidole kwenye kioo,
nikamkuta kati ya Õnnela na Raivo:
Endel Pihlak, bohari.
Tulimzika Septemba.
Miezi minne tumemlipia kiti.

Ndani ya folda yake mlikuwa na hesabu za skrubu,
picha ya mbwa,
na ukurasa mmoja wa mistari miwili:
*Mlango wa mashariki hukwama baridi ikizidi.
Usiusukume. Uinue.*

Nikamuuliza Taavet kama leseni hurithiwa.
Akanyamaza kidogo.
"Huhamishwa," akasema. "Mara moja kila siku tisini."
Basi nikaihamisha, kwa Kaidi, anayeanza kazi bohari.
Mfumo ukauliza: Una uhakika?
Nikabonyeza.
Chini ya ule ukurasa, palipokuwa na jina la Endel,
pakaandikwa: mwandishi hajulikani.

Jumatano nyuzi zilishuka hadi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kaidi akaja mezani kwangu, glavu kwapani,
pua nyekundu.
"Mlango umefunguka," akasema. "Niliuinua.
Nani aliandika yale?"

Nikamtajia, herufi moja moja.
Alikuwa na kalamu ya seremala sikioni.
Nadhani ameliandika mahali fulani kwenye ule mlango,
karibu na bawaba.
Sijaenda kutazama. Ankara ya Taavet imefika,
na jumla yake siielewi.